Nasimiyu Aliyeingiza Shingo Yake Kwanza

Kama unauza krashi na Nasimiyu aingie kwa hiyo karakana yako, sahau rangi. Rangi haimbabaishi. Wewe utaongea, utasifu, utagonga chuma na nyundo asikie vile inalia, na yeye atakuwa amenyamaza tu, anazunguka. Halafu atakaza kitambaa kichwani, atapiga magoti kwa vumbi, ataingiza shingo yake mwenyewe pale ng'ombe huingiza, na atakwambia, "Haya fundi. Nifunge."

Si mchezo. Krashi ni hiyo njia nyembamba ya chuma ama ya miti. Ng'ombe inaingia, inabanwa shingo, inadungwa sindano, inaachiliwa. Ukichukua mbaya, siku moja itavunja mtu. Na Nasimiyu ameona mtu akivunjwa. Ameona wawili.

Huyu mama ni wa Lugulu, kule nyuma ya hospitali ya misheni. Kwao ng'ombe zilikuwa kumi na moja na mvulana hakukuwa hata mmoja, kwa hivyo babu yake alimpatia fimbo akiwa na miaka saba, akamwambia enda. Na hizo ng'ombe za kwao hazikuwa zinasukumwa kutoka nyuma. Mchungaji anatangulia, anapiga mluzi, zinafuata. Kuna mluzi wa maji, kuna wa chumvi, kuna wa kurudi nyumbani. Nasimiyu akajua yote. Shida ni kwamba kwao mwanamke hapigi mluzi. Marufuku kabisa. Nyanya yake alimsikia siku moja huko kwa mto, akamtandika na kijiti ya kuni hapo hapo kwa midomo. Ikafura siku mbili. Tangu hiyo siku akawa anapiga tu wakati babu peke yake ndiye anasikia, na babu alikuwa anajifanya hajasikia.

Kitale alikuja kuolewa. Ndoa ikaisha vile ndoa zingine huisha, akajipata Kipsongo, mtaa wa mabanda, kwa chumba ya mabati, kila asubuhi anasimama barabarani na wengine kungojea nani atakuja kuchukua watu wa kibarua. Siku moja pikapu ya Mzee Kang'ethe ikasimama. Wanataka mtu wa kuosha mitungi ya maziwa. Akapanda.

Miaka sita alikuwa anaosha mitungi. Miaka sita anaangalia ng'ombe kupitia dirisha ya chumba ya maziwa, anajua gani ni muoga, gani ni ya fujo, gani inapenda kukaa kushoto. Na hakuna mtu hata mmoja alimuuliza kitu. Kwani mtu wa mitungi anajua nini?

Shamba ya Kang'ethe iko upande wa Endebess. Ng'ombe mia moja arobaini, chache za maziwa, nyingi za nyama. Mkubwa wa wachungaji alikuwa Wakoli, mzee wa Chwele, mrefu, koti yake ya kijeshi haitoki hata jua ikiwaka. Na Wakoli alikuwa na mluzi, bana. Alikuwa anasimama kwa lango, anaweka ulimi nyuma ya meno, anautoa tu mara moja, na ng'ombe mia moja arobaini zinainua kichwa pamoja. Ya kwanza kumfuata ilikuwa ile mzee nyekundu wanaiita Nyanya. Nyanya ikienda, zote zinaenda. Nasimiyu alikuwa anaacha mtungi na povu yake, anasikiliza.

Sasa sikia vile upuzi huanzanga. Krashi yao ya zamani ilikuwa ya mikaratusi, imefungwa na kamba na waya. Ng'ombe ikiingia, mtu anapitisha mti huko nyuma ya matako ndio isirudi, na huo mti haukuwa na kitu ya kuushika. Ni mtu ndio anaushika. Na mikono! Ati hiyo ndio nguvu. Ati mwanaume ni yule anasimama na mti kwa kifua ng'ombe ikipigana. Siku moja fahali ikarudi nyuma kwa nguvu, mti ukaruka, ukamkuta Wakoli mdomoni. Meno nne za mbele. Mzee alipiga magoti akaziokota kwa mavi ya ng'ombe, akazipanguza kwa koti, akaziweka mfukoni kama mtu ameokota boliti zake.

Unadhani walifanya nini baada ya hapo? Walikata mti mwingine! Mnene kidogo. Halafu wakacheka, wakasema Wakoli alikuwa amelala. Watu kama hao unaweza kuwaeleza nini?

Miezi tatu haijaisha, ikawa Aziz. Aziz ni daktari wa mifugo, kijana wa Tuwan, mpole, kofia ya kufuma kichwani na buti za raba. Alikuwa ameingiza mkono katikati ya miti atafute mshipa wa damu. Ng'ombe ikateleza, ikaanguka, ikalala kwa huo mkono. Mlango wa kando hakuna. Kamba zimekazwa fundo za kichwa ngumu. Wanaume sita wakaanza kukimbia huku na huku wakipiga kelele, "Vuta! Vuta!" wakati hakuna kitu ya kuvuta. Nasimiyu alitoka kwa chumba ya maziwa na panga, akakata kamba tatu mfululizo, mti ukaanguka, ng'ombe ikabingirika nje, na Aziz akatoka na mkono umeenda upande wenye mkono hauendangi.

Aziz akiwa bado amelala chini, jasho inamtoka, alisema, "Wallahi, hapa kwenu sirudi. Mpaka muwe na krashi ya maana, mtanisikia kwa redio tu."

Mwaka ukapita. Mkono wa Aziz ukapona, lakini ulipona umepinda. Wakoli akabaki na mwanya. Halafu ugonjwa ukaingia, ule wa miguu na midomo. Shamba ya jirani ng'ombe zikaanza kutoa mate kama sabuni na kuchechemea. Kang'ethe akampigia Aziz simu, akamwomba. Aziz akasema chanjo ako nayo, atakuja Alhamisi ya wiki ingine, lakini krashi ya zamani akiiona imesimama, anageuza pikipiki.

Jioni hiyo Kang'ethe aliita wafanyikazi wote hapo nje ya stoo. Kang'ethe si mtu wa kelele. Anaongea pole pole, na ndio maana unaogopa.

"Nani alikata kamba siku ya Aziz?"

Mtu mmoja akasema, "Ni mama wa mitungi."

"Nasimiyu, wewe ndio utachagua krashi mpya ya chuma. Na siku hiyo wewe ndio utasimamia. Ng'ombe zote zipite, na mtu asiumie. Zikipita, wewe ndio msimamizi wa ng'ombe hapa kwangu. Zikishindikana ama mtu avunjike, unarudi kwa mitungi, na sitaki kusikia hii maneno tena."

Wakoli alitema mate kando. "Mzee, lakini huyu ni mwanamke."

"Nimeona," Kang'ethe akasema.

Kesho yake Nasimiyu hakuenda kutafuta krashi. Alikaa juu ya ua ya krashi ya zamani kutoka asubuhi mpaka saa saba, anaangalia ng'ombe zikipita kwenda malishoni. Hiyo tu. Wanaume wakamcheka, ati amelipwa kukaa kama kunguru. Lakini yeye alikuwa anaona. Aliona pale zinasimama kila siku, kwa kona yenye matope. Aliona asubuhi jua linazipiga machoni zikielekea krashi. Aliona krashi inaelekea ukuta wa stoo, giza, na akajiuliza, wewe ungeingia mahali huoni pa kutokea?

Siku ya tatu wakashuka Bungoma na Kang'ethe, kwa Farid. Farid ni fundi wa kuchomelea, karakana yake iko nyuma ya msikiti, vyuma zimejaa mpaka barabarani. Aliwapeleka moja kwa moja kwa krashi ya bluu. Inameta. Bomba nono, mkono wa kufungia mrefu kama wa trekta, sakafu ya bati nyororo kama sahani.

"Hii ndio ya kisasa," Farid akasema. "Hapa ukiweka hata simba, atatulia asome gazeti."

"Inapendeza," Kang'ethe akasema. "Tuchukue hii."

"Mzee," Nasimiyu akasema, "kwani tunaipeleka harusi?"

Mafundi wa Farid wakaacha kazi. Nasimiyu akapiga magoti, akaingiza shingo. "Nifunge."

"Mama, acha mchezo."

"Ng'ombe yangu itafungwa na mimi nikatae? Funga."

Farid akavuta ule mkono, lango likafunga, pini ikashuka. Nasimiyu akashika bomba mikono mbili, akajirusha nyuma vile ng'ombe hufanya, mara moja, mara mbili. Mara ya tatu pini ikaruka. Ule mkono wa chuma ukarudi na nguvu yote, ukapita kando ya sikio ya Kang'ethe, kofia yake ikapaa mpaka kwa rundo ya vyuma.

Nasimiyu alitoa shingo pole pole, akaenda akaokota kofia, akaipanguza, akampatia mwenyewe.

"Hizo zingekuwa meno, Mzee."

Kang'ethe alivaa kofia.

"Fundi," Nasimiyu akaendelea, "niletee maji na sabuni."

"Ya nini tena?"

"Lete tu."

Akamwaga kwa ile sakafu ya bati. "Ng'ombe ikiogopa, inajikojolea na kujinyea. Hii sabuni ni afadhali. Sasa tembea."

Farid ni mtu wa heshima na ako na tumbo yake. Alipiga hatua mbili. Ya tatu miguu ilienda Webuye na mwili ukabaki Bungoma, akashikilia bomba kama mtoto. Mafundi wake walicheka mpaka mmoja akaangusha miwani.

"Haya, umeanguka," Nasimiyu akasema, uso mkavu. "Sasa ng'ombe ikianguka hapo ndani, inatokea wapi?"

"Inaamka."

"Na ikikataa kuamka? Na mkono wa mtu uko chini yake?"

Farid akaangalia krashi yake kando zote, kama mtu anatafuta mlango kwa nyumba yake mwenyewe. Hakuna. Akakasirika. "Wewe mama umetoka wapi lakini?"

"Kipsongo."

"Kipsongo kuna ranchi?"

"Kuna watu wanajua kuangukiwa na kitu ikoje."

Adhana ikalia, Farid akaenda swala. Akirudi, hasira imepungua, alimkuta Nasimiyu nyuma kabisa ya karakana, amepigia magoti krashi ingine. Hiyo ilikuwa mbaya, wacha nikwambie. Haina rangi, imeshika kutu, inakaa kama kitanda ya jela. Mtu wa Cheptais aliitisha halafu hakurudi. Lakini kifungio yake haikuwa pini. Ilikuwa na meno, kama jeki ya gari. Ukivuta inasema ta, ta, ta, na kila ta imeshika hapo hapo, hairudi hata ukiirukia. Na ule mkono wa kufungia ulikuwa unaenda chini, karibu na mwili wa krashi, hauwezi kumpata mtu usoni. Nyuma ya matako kulikuwa na chuma ya kuteleza ndani ya njia yake, mtu anaisukuma akiwa amesimama kando. Si kifua ya mtu.

Nasimiyu alijirusha mara kumi. Haikuachilia.

"Hii," akasema.

"Hiyo?" Farid na Kang'ethe wakasema pamoja.

"Hii. Lakini fundi, utanifanyia kitu. Kata huku kando, weka mlango wa kufunguka wote kwa mara moja. Sakafu toa, itakaa kwa simiti yangu. Na hapa chini kwenye bomba zimeachana, mguu wa ndama unaingia unavunjika. Ziba."

"Nizibe na bati?"

"Mbao. Bati inapiga kelele, itaziogopesha."

Farid akageukia mafundi wake, akawapigia kelele, "Si mmesikia? Ama mnangoja niwaimbie?" Na kuanzia hapo kila kitu akawa anamuuliza yeye, hamuulizi Kang'ethe. "Bawaba juu ama kando, mama?" "Hapa nizungushe kona isikate?" Mtu wa kazi akikutana na mtu wa kazi, hiyo ubishi yote huisha.

Lori ilileta chuma siku ya Jumatatu. Ilipopita karibu na Lugulu, Nasimiyu, ambaye alikuwa amekaa huko nyuma na krashi kuishika, aliangalia upande wa hospitali mpaka miti ikaifunika.

Siku mbili walijenga. Aliihamisha kutoka kwa ukuta wa stoo, akaielekeza kwa malisho, ng'ombe ione nyasi mbele yake na jua likae mgongoni. Simiti ikiwa bado mbichi, aliichora mistari na kijiti, kwato zishike. Uchochoro wa kuingilia akaupinda kidogo, mbao pande zote, ng'ombe isione watu. Pale daktari atasimama aliacha mwanya mbili kwa ua, upana wa mtu mwembamba. Mtu anapenya anatoroka, ng'ombe haipiti. Mnyororo wa lango uliokuwa unagongana aliuvisha raba ya tairi ya baiskeli. Wakoli alikuwa anapitapita hapo na koti yake, anaangalia.

Alhamisi Aziz akafika saa mbili asubuhi. Hakuvua hata helmeti. Alizunguka krashi, akavuta mkono, ta, ta, akafungua mlango wa kando, akaufunga, akaufungua tena. Akaingia kwa mwanya akatoka. Halafu akavua helmeti.

"Nani alichagua?"

"Mimi, daktari."

"Nilijua si mwanaume," Aziz akasema, akaanza kupanga sindano.

Nasimiyu akawaita wote. "Kamba, hakuna mtu anaizungusha kwa mkono. Ukiishika, ishike uweze kuiachilia. Mkono hauingii ndani kama chuma haijasema ta. Na hakuna mtu anaruka ndani, hata kama ni ng'ombe ya mama yake. Tumesikizana?"

Wakajibu ndio vile watu hujibu ndio wakifikiria mambo yao.

Nane za kwanza ziliingia. Halafu ikafika Nyanya. Ile mzee nyekundu ilifika mdomo wa uchochoro, ikasimama. Nyuma yake zingine zikajazana, zikaanza kupandana. Wanaume wakainua fimbo. Kelele ikawa kelele, "Ingia! Pumbavu! Ingia!" Nyanya inapigwa, inageuza kichwa, inarudi nyuma, ua inalia kwaa, kwaa.

"Acheni!" Nasimiyu akapiga nduru. Akanyakua fimbo ya wa kwanza, akaivunja kwa goti, akaitupa. "Nyinyi mnataka ua ianguke ndio mfurahi? Wekeni fimbo chini! Zote!"

Wakaweka. Lakini sasa walikuwa wanamwangalia na ile macho ya kusema, haya, tuone. Saa tatu na nusu na ng'ombe nane. Kwa hiyo mwendo, jua litatua zikiwa nusu. Na kule juu, kwa veranda, alimwona Kang'ethe amesimama na kikombe ya chai.

Nasimiyu akainama mpaka macho yake ikawa sawa na ya ng'ombe, akatembea huo uchochoro kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kivuli mbaya hakuna. Nguo haijaning'inia mahali. Mbele ni nyasi. Chuma haikuwa na makosa. Akarudi, akaangalia Nyanya vizuri.

Nyanya haikuwa inaangalia krashi hata kidogo. Masikio yake yalikuwa yanazunguka, mbele, nyuma, kando, kama mtu ameitwa na hajui ni wapi. Ilikuwa inatafuta. Nasimiyu akafuata pale masikio yalisimama. Yalisimama kwa Wakoli.

Wakoli alikuwa ameegemea ua. Midomo yake ilikuwa imekunjwa. Hata yeye mwenyewe hakujua. Alikuwa anajaribu, pole pole, mtu asione, na kwa mwanya wa zile meno nne kulikuwa kunatoka upepo tu. Fyuu. Fyuu.

Mwaka mzima hizo ng'ombe zilikuwa zinasukumwa na fimbo kwa sababu mti mjinga ulivunja mluzi wa Wakoli. Hapo ndio Nasimiyu aliona yote. Kila siku walikuwa wanasema ng'ombe zimekuwa na kichwa ngumu. Kumbe hazijaitwa.

Alimwendea. "Baba Wakoli. Ule wako wa maji ulikuwa unaendaje?"

Mzee akakunjua midomo haraka. "Unataka nini na hiyo?"

"Nataka kuupiga."

"Wewe?" Akasimama wima. "Mwanamke? Kwa ng'ombe? Unataka zitoe mimba? Ukipiga mluzi hapa, mimi naenda. Narudi Chwele leo leo."

Wengine wakaguna. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, ati hiyo ni kuita nyoka. Nasimiyu akajigusa midomo, bila kufikiria, pale kijiti ya nyanya yake ilipita miaka yote hiyo. Halafu akaangalia jua. Akaangalia sindano za Aziz kwa boksi ya barafu, inayeyuka.

Alizunguka mpaka mbele ya krashi, huko nje kwa nyasi, hatua kama ishirini, mahali ng'ombe itamwona kupitia lango. Akalowesha midomo. Akapiga mluzi wa maji wa babu yake.

Ulitoka safi. Ng'ombe zote zikainua kichwa. Lakini Nyanya ikabaki hapo hapo, masikio mbele, inashangaa, kama mtu amesikia jina inafanana na yake. Akapiga tena. Hakuna. Mtu akacheka huko nyuma. Kwa veranda Kang'ethe aliweka kikombe chini.

Akapiga mara ya tatu, na hapo Wakoli akashindwa kuvumilia.

"Si hivyo!" mzee akabweka. Alikuwa amefika lango la mifugo kabisa, ameshika komeo anaenda zake Chwele, na akageuka. "Unaua! Huo ni wa watu wa Lugulu, mnaupandisha mwisho kama kuku! Mwisho unashuka!"

"Unashuka aje?"

"Unashuka! Hivi!" Akainua mkono juu, akaushusha pole pole kama mtu anamwaga maji kutoka kwa kibuyu, na vidole vikatetemeka kidogo huko chini. "Halafu unanyamaza. Unangoja. Mtu ukimwita, si unamngoja?"

Nasimiyu akapiga mluzi akifuata ule mkono. Juu, halafu chini, chini, na mtetemo huko mwisho. Akanyamaza. Akangoja.

Nyanya ikatembea. Ilipita uchochoro kama mama anaenda sokoni, ikaingiza shingo kwa lango yenyewe. Ta, ta. Aziz akadunga. Lango likafunguka, Nyanya ikatoka ikamwendea Nasimiyu, ikasimama kando yake. Na nyuma ya Nyanya zingine zikaanza kuja, moja moja, hakuna fimbo, hakuna kelele.

Wakoli hakwenda Chwele. Alirudi, akavua ile koti mara ya kwanza watu wameona, akamfukuza kijana aliyekuwa anasukuma chuma ya nyuma. "Toka, wewe hujui. Unasimama kando, unaona? Kando! Unataka meno zako ziende wapi?"

Kwa ile ya tisini na kitu, mtamba moja mweusi aliteleza akaenda magoti, akaanguka upande, anapiga mateke. Mwanaume mmoja alikuwa ameshaweka mguu kwa ua aruke ndani.

"Hakuna mtu anaingia!" Nasimiyu akapiga ukelele kutoka kwa nyasi. "Daktari, mwanya! Baba Wakoli, mlango!"

Aziz akapenya kwa mwanya. Wakoli akavuta komeo, upande wote wa krashi ukafunguka kama kabati, lango la shingo likaachiliwa, na mtamba akabingirika nje kwa nyasi. Akalala kidogo. Akaamka, akajitikisa, akaanza kula. Hiyo tu. Kitu iliyochukua mkono wa mtu mwaka uliopita, leo imeisha kabla uhesabu kumi.

Aziz alisimama kwa mwanya akiushika ule mkono wake uliopinda. Alimwangalia huyo mtamba akila kwa muda mrefu.

"Endelea, daktari," Nasimiyu akamwambia kwa upole. "Zingine zinangoja."

Ya mia moja arobaini ilitoka saa tisa na dakika chache. Midomo ya Nasimiyu ilikuwa imekauka mpaka imepasuka. Alikaa kwa simiti, mgongo kwa chuma yake mbaya isiyo na rangi, na hakuna mtu alikuwa anamcheka. Wanaume walikuwa wanaokota zile fimbo, wanazipeleka jikoni, kuni.

Kang'ethe akashuka kutoka veranda, pole pole vile hutembeanga. Aliangalia ng'ombe kwa nyasi. Aliangalia watu mmoja mmoja, mikono, miguu, nyuso.

"Nani ameumia?"

"Hakuna, Mzee," Aziz akasema, akifunga boksi.

"Na ng'ombe?"

"Zote zimepita."

Kang'ethe akaitikia na kichwa. Halafu akamgeukia Wakoli. "Nimesikia mluzi wako kutoka huko juu. Nikashangaa. Nikadhani umeota meno zingine."

Wakoli alikuwa anavaa koti yake. Alifunga kifungo cha kwanza, cha pili, hana haraka. Watu wote wakasogea, wanataka kusikia mzee wa Chwele atasema nini.

"Si mimi," akasema. "Ni msimamizi."

Akafunga kifungo cha mwisho, akaokota kibuyu yake, na akipita karibu na Nasimiyu akamwambia bila kumwangalia:

"Kesho njoo mapema. Bado wa chumvi hujui."